Bodi bapa ya pikapu: hesabu zinazotangulia mashine ya kuchomelea

Simama asubuhi kwenye njia panda ya Uyole utazame pikapu zinazoingia na viazi kutoka upande wa Isyonje. Bodi ya kiwandani ikishabeba lumbesa miaka kadhaa hujieleza yenyewe: mbavu zimetanuka, mlango wa nyuma umepinda na sasa unafungwa kwa waya, sakafu imeoza kwenye kona ambako tope hukaa, na magunia ya pembeni yamekaa upande kwa sababu vifuniko vya matairi vimekula nafasi. Mbao za futi 12 kutoka Mafinga ndizo kabisa. Kwenye pikapu ya milango minne, zaidi ya nusu ya ubao hubaki nje ukining'inia.

Ndiyo maana wenye pikapu wengi huku kwetu, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya, huivua bodi hiyo na kutengeneza bodi bapa: jukwaa la chuma na mbao lisilo na vifuniko vya matairi, linalopakiwa kutoka pande tatu, na ambalo likivunjika ubao mmoja unaubadilisha hukohuko kijijini. Mwenye uwanja, umeme wa nyumbani, mashine ndogo ya kuchomelea, grenda na subira anaweza kuijenga mwenyewe. Kukata chuma na kukiunga hujifunzwa. Ugumu uko kwingine, na huo ndio ninaotaka kuufungua hapa. Bodi utakayoijenga inakaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, inayojinyonga, nayo inavuruga mpangilio wa uzito ambao waliotengeneza gari waliupigia hesabu. Uwanjani kila kitu kitaonekana sawa. Kasoro hujitokeza gari likiwa limepakia, kwenye mteremko au kwenye korongo la njia ya shambani.

Bodi hula sehemu ya mzigo

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo kwa pamoja. Utaukuta kwenye kadi ya gari, na mara nyingi kwenye kibati kilichobandikwa pembeni mwa mlango au kwenye chumba cha injini. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Kwa pikapu nyingi za daraja la Hilux kinachobaki huwa karibu tani moja, pamoja na dereva na abiria wake. Kilo yoyote utakayoiongeza kwenye bodi umeiondoa kwenye viazi.

Uzito wa chuma unaweza kuupigia hesabu ukiwa bado umekaa sebuleni, kwa sababu mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 popote ilipo. Bamba la unene wa milimita 3 linakuwa na kilo 23.5 kwa kila mita ya mraba, na karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inafika kilo 70. Skweapaipu (bomba la mraba) ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3 ina kilo 4 na ushee kwa mita. Engolaini (chuma cha umbo la L) ya 50 kwa 50 yenye unene wa 5 ina kilo 3.8 kwa mita, na chaneli (chuma cha umbo la U) ya 100 kwa 50 yenye unene wa 5 inazidi kilo 9.

Chukua bodi ya urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.8. Mihimili miwili ya chini ya chaneli inakula kilo 45. Vipande saba vya kukatiza vya skweapaipu vinaongeza kilo 54, ukingo wa engolaini kuzunguka pande zote kilo 32, na ukuta wa mbele wa kulinda kebini tuseme kilo 25. Hapo umefika kilo 156 bila sakafu. Ukitandika mbao za msindano mkavu za milimita 30 unaongeza kilo 65, ukitandika bamba la milimita 3 unaongeza 100 na kitu, na ukisikiliza ushauri wa "weka la tano ili lisikusumbue" unaongeza 170. Kati ya chaguo la kwanza na la mwisho kuna tofauti ya zaidi ya gunia moja zima la kilo 100, na utaibeba kila safari, hata ukienda kanisani.

Ushauri wa chuma kinene unatolewa kwa nia njema na una mizizi mirefu kwenye karakana zetu, ila hauko sahihi. Nguvu ya muhimili inatokana na kimo chake kuliko unene wake. Chukua flatibaa ya 50 kwa 6, uilaze juu ya matofali mawili, uikanyage katikati: inapinda. Isimamishe wima, chuma kilekile chenye uzito uleule, itabeba zaidi ya mara nane. Kwa hiyo panapohitaji nguvu ongeza kimo, na panapohitaji kufunika tu tumia kitu chepesi.

Bodi ya zamani ukishaivua, ipime. Mfanyabiashara yeyote wa mazao mwenye mzani mkubwa wa jukwaa anaweza kukusaidia. Usipojua ulichokitoa, huwezi kujua ulichokiongeza.

Mzigo uko mbele au nyuma ya ekseli?

Swali hili ndilo linaloamua kama gari litashika usukani, nalo huulizwa mara chache sana. Mtu anaona chesisi ina nafasi ya kurefusha bodi kwa nyuma, anarefusha, mbao zake zinalala zote, anafurahi. Hesabu inasema hivi.

Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Umepakia kilo 1,000, na kitovu cha mzigo huo kiko sentimita 15 mbele ya ekseli ya nyuma. Matairi ya mbele yatapokea kilo 50 na ya nyuma 950. Gari limekaa vizuri. Sasa refusha bodi, kitovu cha mzigo kihamie sentimita 45 nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma sasa inabeba kilo 1,150, zaidi ya mzigo wote uliopakia, na ile 150 ya ziada imenyanyuliwa kutoka kwenye matairi ya mbele. Matairi hayo ndiyo yanayokata kona, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari.

Usukani utakuwa mwepesi, na kuna madereva wanaousifu wepesi huo. Ukianza kupanda, uzito mwingine tena unahamia nyuma kwa sababu ya mwinuko, na kadiri mzigo ulivyo juu ndivyo unavyohama zaidi. Kwenye kona yenye tope kati ya Isyonje na Makete, matairi ya mbele yanateleza moja kwa moja hata kama umekata usukani wote.

Basi kabla ya kukata chuma chochote, chora gari kwa upande. Weka alama ya ekseli ya nyuma, kisha alama ya katikati ya bodi unayoitaka. Katikati ya bodi iangukie mbele kidogo ya ekseli, au angalau juu yake. Kwenye pikapu ya milango miwili hilo linawezekana kwa urahisi. Kwenye ya milango minne kebini imechukua sehemu ya mbele, kwa hiyo bodi ndefu lazima iende nyuma, na hapo mwenye gari anapaswa kukubali bodi fupi. Nasema hivi nikijua haitawafurahisha wengi. Milango minne na bodi ya mita 2.4 juu ya chesisi ileile ni vitu visivyopatana, na hakuna fundi anayeweza kuvipatanisha kwa kuchomelea.

Kuongeza springi hakuondoi tatizo. Springi zinanyanyua gari lisikae chini, lakini ekseli, beringi, matairi na breki vinabaki vilevile. Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: pikapu nyingi zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma, yenye kijiti kinachosoma kimo cha gari. Gari likishuka chini, vali inajua kuna mzigo na inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Likikaa juu, inapunguza nguvu hiyo ili matairi ya nyuma yasijifunge. Ukiongeza majani ya springi, gari linakaa juu hata likiwa limepakia, vali inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu siku unayozihitaji. Kutoka Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Kyela karibu na Ziwa Nyasa lililo chini ya mita 500, ni mteremko mrefu mno wa kujaribia hilo. Kama springi zimeongezwa, fundi wa breki aipange vali hiyo upya.

Kimo nacho kina gharama. Bodi bapa inapita juu ya matairi, kwa hiyo inakaa juu kuliko ile ya kiwandani. Usiinyanyue zaidi ya lazima. Pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba inayoizuia isigonge chesisi, maana hicho ndicho kimo ambacho tairi linaweza kupanda, ongeza sentimita 5, na kimo hicho juu ya tairi ndipo sakafu ianzie. Chini ya hapo tairi litasugua bodi. Juu ya hapo unaongeza hatari ya kupinduka bure.

Chesisi inajinyonga, bodi haitaki

Hapa ndipo bodi nyingi za nyumbani zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chesisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vipande vya kukatiza. Tairi moja la nyuma likitumbukia kwenye korongo na la mbele la upande wa pili likipanda juu ya jiwe, chesisi inajinyonga, kona moja juu na nyingine chini. Hilo halina ubaya, ndivyo ilivyokusudiwa. Bodi ya kiwandani ni bati jembamba lililokunjwa, nayo inajinyonga pamoja na chesisi, na ndiyo maana iliweza kufungwa kwa bolti moja kwa moja bila matatizo. Wewe sasa unaweka jukwaa la chuma kinene lililochomelewa kila kona. Lenyewe halijinyongi. Ukilifunga kwa nguvu kwenye kona zote nne, vitu viwili vinavutana kila mara gari linapopita shimo, na kitakachoshindwa ni kile kilicho dhaifu zaidi: nyufa kwenye maungio, bolti kukatika, au, mbaya kuliko zote, ufa kwenye chesisi yenyewe.

Umbo la chuma lina maana kubwa katika hili. Shika mwanzi mzima uunyonge kwa mikono miwili, hauendi popote. Upasue kwa urefu, chukua nusu yake, unyonge tena: unajipinda bila kubisha. Chuma ni hivyohivyo. Bomba lililofungwa pande zote linapinga kunyongwa zaidi ya mara mia kuliko chaneli iliyo wazi upande mmoja, hata kama unene ni uleule. Kwa hiyo fundi anapokwambia atumie skweapaipu kila mahali kwa sababu ni imara, yuko sahihi kuhusu kubeba, lakini ajue pia ameijenga bodi isiyonyongeka. Kuna njia mbili za kutoka hapo: ujenge bodi inayolegea kidogo, kwa chaneli na engolaini na sakafu ya mbao zilizofungwa kwa bolti, au ujenge bodi ngumu na uache vifungio ndivyo vilegee. Kwa bodi fupi ya pikapu napendelea njia ya pili, kwa sababu vifungio unaviona, unavikagua, na unavibadilisha.

Mpangilio wake ni huu. Mihimili miwili mikuu ya bodi inalala juu ya mihimili miwili ya chesisi, urefu kwa urefu. Katikati yake weka utepe wa mpira mnene, kama ule wa mikanda ya mashine za viwandani, au ubao mgumu mwembamba, ili chuma kisisagane na chuma. Nyuma, karibu na ekseli, bodi inafungwa imara kwa vipande vya bamba vinavyoizuia isiende mbele, nyuma wala pembeni. Mbele, karibu na kebini, inafungwa kwa bolti ndefu yenye springi fupi au raba chini ya nati. Springi hiyo ibanwe nusu tu. Chesisi ikijinyonga, kona ya mbele inaruhusiwa kunyanyuka sentimita moja au mbili kisha inarudi. Nati ziwe za kujifunga zenyewe, vinginevyo mtikisiko utazifungua.

Ncha ya mbele ya mihimili mikuu ikatwe kwa mshazari au iviringwe kidogo upande wa chini. Ikiachwa na kona kali, mzigo wote wa mbele unakandamiza chesisi kwenye mstari mmoja, na ufa huanzia hapohapo.

Kuhusu kufunga, kwanza tumia matundu na vishikizo vilivyoshika bodi ya zamani. Vilipangiwa kazi hiyo. Ukihitaji vya ziada, yuboliti (bolti za umbo la U) zinafaa, kwa masharti mawili. Kama chesisi ni ya umbo la chaneli, ingiza kipande cha chuma ndani yake kabla ya kukaza, la sivyo midomo yake itakunjwa. Pia angalia yuboliti isipite juu ya bomba la breki au nyaya. Bolti ziwe zenye alama ya 8.8 kichwani. Zile zisizo na alama yoyote zinafaa kufungia mbao tu.

Usichomelee bodi kwenye chesisi, na usitoboe juu wala chini ya muhimili wa chesisi. Muhimili unapobeba, uso wake wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kubanwa zaidi, na katikati ya ubavu wake ndipo penye amani. Tundu likilazimika, litobolewe hapo katikati, mbali na matundu mengine. Kuchomelea kunaunguza chuma cha pembeni na kukibadilisha tabia, na ufa wa uchovu huanzia pale mshono unapoishia. Baadhi ya mafundi hupiga "nukta mbili tu za kushikilia" kwenye chesisi na kusema haina shida. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Kabla ya kutandika sakafu, jaribu. Gari likiwa tambarare na limewekewa magogo ya kuzuia, nyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki, uweke stendi, na la mbele la upande wa pili ulipandishe juu ya ubao mnene. Kisha zunguka utazame. Kona ya mbele ya bodi inanyanyuka kutoka kwenye mpira na kurudi? Bodi imekaribia kebini? Kebini nayo imekaa kwenye raba zake na inacheza, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 7 hadi 10 kati yake na ukuta wa mbele, na ukuta huo usishikizwe kwenye kebini hata kidogo.

Mbao au bamba

Kwa ukanda wenye msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali kuliko mengine yote nchini, jibu langu ni mbao. Msindano uliowekewa dawa ni mwepesi na unapatikana kila mahali. Mkaratusi ni mzito zaidi na hupinda usipokaushwa vizuri, lakini unavumilia kukwaruzwa. Mbao zilizofungwa kwa bolti zinateleza kidogo moja kando ya nyingine bodi inaponyongeka, wakati bamba lililochomelewa pande zote linaifanya bodi kuwa ngumu zaidi. Acha pengo la milimita 5 hadi 8 kati ya ubao na ubao. Maeneo ya Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yasiyo na pa kutokea hukaa chini ya gunia na juu ya chuma. Bolti ziwe za kichwa bapa, zizamishwe, zisichane magunia.

Bamba lina mahali pake: ukibeba mchanga, kokoto, mbolea ya samadi au mapipa yanayoburuzwa. Hapo chukua la milimita 3 lenye vinundu na ulishikize kwa mishono mifupi, usilizungushie mshono mzima.

Kuchomelea nyumbani

Bodi ya mita 1.8 kwa 2.4 ina faida moja nzuri: kona zake zikiwa sawa, kipimo cha mshazari kinakuwa mita 3 kamili. Tandaza vyuma mahali palipo sawa, vuta futikamba kona hadi kona, pande zote mbili, na usiendelee mpaka zote zisome 3.00. Kwa vipimo vingine mishazari miwili lazima ilingane tu. Kisha shikiza kila ungio kwa nukta, pima tena, ndipo uanze mishono yenyewe. Ruka kutoka kona moja hadi ya upande wa pili. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mfululizo, joto litaivuta fremu na utaishia na bodi yenye mgongo.

Umeme wa nyumbani una mipaka yake. Vijiti vya milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90 vinatosha kwa chuma cha unene wa 3, na mashine ndogo ya inveta inaviwasha. Ukipanda hadi vijiti vya 3.2 kwa ampea 120, soketi ya kawaida ya ampea 13 inazidiwa ikifanya kazi mfululizo. Fundi umeme akuvutie njia yake kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa kurefushia uwe mnene na usiviringwe, maana ukiviringwa unapata moto. Vijiti vilivyokaa chumbani msimu wa mvua vimenyonya unyevu, na mshono wake unatoka na vitundu. Vikaushe kwanza.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki huwavutia watu kwa sababu yapo mengi. Moshi wake unaleta homa, kifua kubana na kutetemeka saa chache baadaye. Saga zinki iishe kwenye sehemu ya kuchomelea, fanya kazi nje, na kaa upande unaotoka upepo. Mwanga wa kuchomelea unaunguza macho ya anayetazama hata kwa mbali, kwa hiyo weka pazia la turubai upande wa njia. Watoto wa jirani watakuja, hilo halina shaka.

Kazi kubwa ifanyike bodi ikiwa chini, mbali na gari. Ukilazimika kuchomelea kitu bodi ikiwa juu, kwanza fungua waya hasi wa betri, na kibano cha ardhi kiwe kwenye chuma kilekile unachochomelea, umeme usipite kwenye beringi au nyaya ukitafuta njia. Tangi la mafuta liko sentimita chache tu hapo chini.

Ncha za skweapaipu zizibwe kabisa, au zitobolewe tundu la kutolea maji upande wa chini. Bomba lililo wazi juu na kuziba chini hujaa maji na kuoza kutoka ndani, wakati nje rangi bado inang'aa. Saga, safisha mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na sehemu zitakazofunikwa na mbao uzipake kabla hujazifunika.

Mambo madogo yanayomkwamisha mtu

Mdomo wa tangi la mafuta ulikuwa umeshikwa na bodi ya zamani. Usipoupangia mahali, utabaki unaning'inia. Bomba lake lazima literemke muda wote hadi kwenye tangi, na kibomba cha kutolea hewa kipite juu yake. Likiwa na tumbo katikati, mafuta yatakurudia kituoni.

Taa za nyuma, za breki, indiketa, ya rivasi na ya namba zote zihamishwe, na ardhi ya taa, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ipewe waya wake hadi kwenye chesisi, kwa sababu bodi sasa imekaa juu ya mpira. Taa zinazofifia indiketa inapowaka karibu kila mara ni tatizo la ardhi. Viakisi mwanga viwekwe nyuma na pembeni. Ukungu wa Isyonje na Makete hauhitaji maelezo kwa anayeujua.

Ukuta wa mbele ni kwa ajili ya watu walio ndani ya kebini. Mwongozo wa Uingereza wa kufunga mizigo unataka vizuizi vihimili uzito wote wa mzigo kuelekea mbele, na nusu yake kuelekea pembeni na nyuma. Mbao zilizopakiwa kwa urefu, breki ikikanyagwa ghafla kwenye mteremko wa Kitonga, zinakuja mbele kama zilivyo. Nguzo za ukuta huo zianzie kwenye mihimili mikuu na zishikwe kwa mishazari. Ndoano za kamba zichomelewe chini ya ukingo, karibu kila nusu mita, kwenye fremu yenyewe.

Halafu kuna karatasi. Kadi ya gari inataja aina ya bodi na uzito wa gari tupu, na vyote viwili umevibadilisha. Nenda TRA na kadi uulize utaratibu wa kurekebisha taarifa, na mjulishe aliyekukatia bima kwa maandishi, kabla ya ajali na sio baada yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016 inagusa magari kuanzia tani 3.5. Pikapu ya daraja la Hilux ikifikisha kiwango hicho pale mizani ya Makambako, basi imeshapita mbali uwezo wake wenyewe.

Bodi ikikamilika, pima gari tupu kwenye mzani, kwanza matairi ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Andika namba hizo. Pakia nusu ya mzigo, zunguka njia mbovu iliyo karibu na nyumbani, rudi, kaza kila bolti kwa spana. Mpira na mbao vya katikati vitakuwa vimekandamizwa, na nati uliyodhani imekaza utaikuta inazunguka. Rudia baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kamili, na tena baada ya kilomita 500 hivi. Kila ukiosha gari, ingia chini na tochi utazame mishono ya mihimili mikuu na chesisi pale ncha ya mbele ya bodi inapolala. Ufa mpya huonekana kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiuona, shusha mzigo siku hiyohiyo na utafute kilichokuwa kinavutana kabla ya kuuziba.